Kodi ya Kulala: Nyumba za Mapumziko Baina ya Milima ya Korogwe na Nyika ya Handeni

Kiswahili kina neno moja, kodi, kwa mambo mawili ambayo lugha nyingi huyatenganisha. Kodi ni fedha anayoitoa mpangaji kumpa mwenye nyumba ili apate pa kulala. Kodi pia ni fedha anayoidai mtawala kwa anaowatawala. Msemaji wa kila siku haoni tabu, kwani muktadha humweleza ni kodi ipi inayokusudiwa. Lakini katika wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, maana hizo mbili zilikutana katika kitu kimoja, nacho ni nyumba. Zaidi ya karne moja iliyopita, Mzungu aliyechoshwa na joto la pwani alipanda milima iliyo juu ya Korogwe kutafuta nyumba ya kupumzikia. Katika miaka hiyo hiyo, Mzigua wa Handeni alianza kutozwa fedha kwa kulala katika kibanda alichokijenga kwa mikono yake mwenyewe. Historia ya nyumba za mapumziko huandikwa mara nyingi kwa kumtazama yule wa kwanza peke yake. Ikiandikwa kwa kuwatazama wote wawili, husomeka vingine.

Jambo hili si la kale tu. Biashara ya kupangisha nyumba za mapumziko kwa siku au kwa wiki imekuwa miongoni mwa biashara kubwa za Ulaya. Mwaka 2024, takwimu rasmi za Umoja wa Ulaya zilihesabu zaidi ya malazi milioni 854 ya usiku mmoja mmoja yaliyopatikana kupitia mitandao mikubwa minne tu ya kukodisha nyumba. Anayetaka kujua mkondo huo ulikotoka, na kwa nini baadhi ya miji ya Ulaya imeanza kuukataa, atafaidika kwa kusimama kidogo Korogwe, kwenye ukingo wa Mto Pangani, akatazama kaskazini mliko milima ya Usambara, kisha kusini iliko nyika ya Handeni.

Kwanza palikuwa na homa. Wazungu wa karne ya 19 waliiogopa pwani ya Afrika Mashariki kama walivyoliogopa kaburi. Hata baada ya Ronald Ross kuonyesha nchini India, mwaka 1897, kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, imani ya kale kuwa hewa ya mlimani ni dawa haikuondoka. Katika miaka ya 1897 na 1898 tabibu mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, alikuwa katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki, akatoa rai kwamba sehemu za juu za Usambara hazina malaria na zinafaa kwa makazi ya Wazungu. Neno la mtu kama huyo lilitosha kuipandisha thamani milima. Waingereza nchini India walikuwa wamekwisha kujenga miji ya baridi kama Simla, ambako watawala walikimbilia wakati wa kiangazi. Wajerumani nao waliitaka Simla yao.

Waliipata Lushoto, mahali walipopaita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Waliipata pia karibu zaidi na Korogwe, katika Vugiri, ambako miaka ya mwanzo ya karne ya 20 palikuwa na nyumba ya mapumziko iliyojulikana hadi Ujerumani, na ambayo picha yake ilichapishwa kwenye kadi za posta. Haikuwa hospitali ya mahututi. Ilikuwa nyumba ya maafisa, walowezi na wake zao, waliokwenda kukaa muda, kula vizuri, kutembea katika ubaridi wa misitu, na kurudi kazini wakiwa na damu mpya usoni.

Lililowezesha mapumziko hayo ni reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893. Ukafika Muheza mwaka 1896, kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha, serikali ikaichukua, na mwaka 1902 garimoshi likafika Korogwe. Kutoka hapo mgeni alikuwa na safari ya mlimani tu. Wako waliopanda kwa miguu yao au juu ya mnyama, na wako waliobebwa kwa machela. Mizigo ya wote ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Hivyo ndivyo Korogwe ilivyopata kazi ambayo haijaiacha hadi leo, kazi ya kuwa kizingiti cha nyumba ya watu wengine. Wanaopita ni wengi, na wachache tu ndio waliokuja kwa ajili yake.

Milima hiyo haikuwa mitupu. Ilikuwa nchi ya Washambaa chini ya ukoo wa Wakilindi, ambao makao yao makuu yalikuwa Vuga. Mwaka 1895 Semboja wa Mazinde, mmoja wa wakuu wa ukoo huo, alifariki dunia, na mwanawe Mputa akanyongwa na Wajerumani. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, amri ya Kaizari ilitangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Kwa mkulima wa mlimani, shamba lililopumzishwa ili lirudishe rutuba lina mwenyewe. Kwa mpima ardhi wa Kijerumani, shamba lisilo na jembe ndani yake ni pori. Tofauti hiyo ndogo ya kutazama ndiyo iliyotoa viwanja vya mashamba ya walowezi, na ndani yake nyumba zenye veranda na bustani za maua.

Ardhi ikishapatikana, hutafutwa mikono. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal iliweka utaratibu wa kadi za kazi. Kila mwanamume wa wilaya hiyo alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na kadi yake ikatiwa alama. Asiyekuwa na alama za kutosha alipelekwa kwa nguvu kwenye kazi za umma. Kwa hiyo, katika mlima ule ule ambao mmoja aliuendea ili asifanye kazi kwa muda, mwingine hakuruhusiwa kukaa bila kufanya kazi.

Ng'ambo ya mto, Uzigua ilikuwa inapita katika miaka yake migumu. Sotoka ilikuwa imeua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Nzige na ukame vikaleta njaa kubwa ya 1894 hadi 1896, na vijiji vingi vikatawanyika, watu wakifuata chakula popote kilipokuwa. Kabla jeraha hilo halijapona, mwaka 1898 ikaanza kutozwa kodi ya nyumba, ambayo kwa kibanda cha kijijini ilikuwa rupia 3. Rupia hazikuota Handeni. Zilipatikana kwa kuuza mazao, kuku na mbuzi, au kwa kuvuka mto kwenda kuuza nguvu katika mashamba ya Wazungu. Mwenye mazao aliuza akiba ambayo ingemvusha kiangazi. Asiye na mazao aliiacha nyumba yake ili apate fedha ya kuilipia. Mtu akalala kwa wiki nyingi mbali na mke na watoto, katika kibanda cha mwajiri, kusudi asidaiwe kwa kibanda ambacho hakukilalia.

Hapa methali ya wahenga inafaa kukumbukwa: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Humwingiza katika nyumba kwa kumshirikisha kazi za nyumba. Mwenyeji na mgeni hula pamoja, na kwa hiyo hulima pamoja. Nyumba ya mapumziko ya kulipiwa iliivunja kanuni hiyo kwa upande mmoja, kwa kuwa mgeni wake hapewi jembe hata akikaa mwezi. Kambi ya shamba la mkonge iliivunja kwa upande wa pili, kwa kuwa mgeni wake alipewa panga siku ya kwanza na hakukaribishwa mezani hata siku ya mwisho.

Mkonge ndio uliozijaza kambi hizo. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na kutokana na miche michache iliyonusurika safari ya kutoka Florida, mmea huo ulitanda katika bonde la Pangani na kuizunguka Korogwe. Vita vilipokuja, majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni mwezi Juni 1916. Wapagazi walikusanywa, vyakula vikachukuliwa, na njaa ikarudi Uzigua. Mali za Wajerumani zikauzwa kama mali za adui, kisha tangu mwaka 1925 Wajerumani wakaruhusiwa kurejea. Mashamba yalibadilisha wenyewe, lakini mpangilio wa nchi haukubadilika. Kodi ya nyumba iliendelea chini ya sheria mpya ya Waingereza. Mkonge uliendelea. Mlima nao uliendelea kuwa wa mapumziko: Gavana wa Kiingereza alikuwa na nyumba yake Lushoto, ambayo baada ya uhuru ilikuja kuwa Ikulu ndogo, na maofisa wa pwani walipanda huko wakati wa likizo zao.

Wafanyakazi wa mashamba ya Korogwe walitoka mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuajiri, lililojulikana kwa jina la SILABU, likawaleta watu hao kwa maelfu. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 ambazo hazikuwa lazima zifuatane, na malipo yalingoja hadi zijae.

Miaka hiyo hiyo Ulaya ilikuwa inaandika sheria za kinyume chake. Mwaka 1936 Ufaransa ilimpa kila mfanyakazi majuma mawili ya likizo yenye malipo. Mwaka 1938 Uingereza ikafuata kwa sheria yake. Kwa mara ya kwanza mchomaji makaa, mfumaji na karani waliweza kwenda ufukoni bila kupoteza mshahara. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu hao walihitaji pa kulala ambapo si hoteli ya matajiri. Ufaransa ilijibu kwa kutengeneza nyumba za zamani za wakulima. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1951 katika milima ya kusini, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la Gîtes de France, lenye nia ya kumpa mfanyakazi wa mjini mapumziko nafuu na kumpa mkulima kipato cha kumbakisha kijijini. Huu ulikuwa uzuri wa biashara hiyo katika ujana wake. Mwenye nyumba alikuwa anaishi jirani, na kodi iliyolipwa ilitengeneza paa la mtu aliyejulikana kwa jina.

Likizo ya mfanyakazi wa Ulaya na kipande cha manamba wa Korogwe ni watoto wa karne moja. Havikuwa hadithi mbili zisizojuana, kwani kamba zilizofunga mavuno ya mashamba ya Ulaya na Amerika zilisokotwa kwa katani iliyokatwa na watu wasio na likizo.

Uhuru ulipokuja, Tanzania iliitazama kodi ya pango kwa jicho kali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi, na mmoja wa miiko hiyo ulimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kodi ya nyumba ikahesabiwa kuwa jasho la mwenzio. Mwaka huo huo mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Mwezi Aprili 1971 sheria ya kutwaa majumba ilichukua majengo yaliyopangishwa ambayo thamani yake ilizidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na wenye majengo yaliyozidi umri wa miaka kumi hawakupata fidia. Visiwani, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964.

Hukumu juu ya siasa hiyo haina haja ya kuwa nyepesi. Watu walionyang'anywa majumba hawakuwa mabepari wote. Wengine walikuwa wajane na wafanyabiashara wadogo waliokuwa wameweka akiba yao katika matofali. Nyumba zilizotwaliwa nazo zilikosa wa kuzikarabati, na Mji Mkongwe ni shahidi. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa la haki: je, paa la mtu lifanywe bidhaa kama nguo na sukari? Swali halikufa pale jibu lake liliposhindwa. Mwaka 1991, katika mkutano uliofanyika Unguja, chama tawala kililegeza miiko ile kwa uamuzi ambao watu wameuita Azimio la Zanzibar. Kiongozi akaweza kupangisha, na mlango uliokuwa umefungwa kwa azimio la bara ukafunguliwa kwa azimio lililobeba jina la visiwa.

Visiwa navyo vikaupitia mlango huo kwa haraka kuliko bara. Mapumziko hayakuwa mageni Unguja. Seyyid Barghash alijenga kasri Chukwani kwa ajili ya hewa, na Chwaka palikuwa pahala pa kupumzikia watawala wa Kiingereza. Jipya ni nyumba ya mapumziko kuwa bidhaa ya soko la dunia. Sheria ya Kondominio ya mwaka 2010 iliwafungulia wageni njia ya kumiliki fleti, na tangu hapo fukwe za mashariki na viunga vya mji vimeona majengo yanayouzwa kwa mtu wa mbali ili ayapangishe kwa mtu mwingine wa mbali. Bara, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamzuia asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Zuio la namna hiyo si ushamba wa nchi maskini. Denmark, ilipotia saini Mkataba wa Maastricht mwaka 1992, ilidai na kupata itifaki maalumu ya kulinda sheria zake zinazozuia wageni kununua nyumba zake za majira ya joto.

Ulaya imeujua uchungu wenyewe baadaye. Tangu kampuni ya Airbnb ianzishwe mwaka 2008, nyumba ya mapumziko imehama kutoka banda la mkulima hadi ghorofa la mjini, na mwenye nyumba amehama kutoka jirani hadi mwekezaji. Mpangaji wa mwaka mzima akawa na hasara kwa mwenye nyumba, mpangaji wa siku tatu akawa na faida. Mwezi Juni 2024 meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alitangaza kuwa vibali vya nyumba 10,101 za watalii mjini humo havitaongezwa muda, ili ifikapo Novemba 2028 nyumba hizo zirudi kwa wakazi. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuwalazimisha wenye mitandao kutoa taarifa za nyumba wanazozikodisha. Mkazi wa Barcelona aliyeandamana kwa kukosa pa kulala katika mji aliozaliwa hakuwa amesoma historia ya Uzigua. Angalikuwa ameisoma, asingalihitaji mkalimani.

Handeni yenyewe ikaingia tena katika hadithi hii kwa njia ambayo mababu hawakuitazamia. Mwezi Juni 2022 familia za kwanza za Wamasai wa Ngorongoro ziliwasili Msomera, wilayani Handeni, ambako Serikali ilikuwa imewajengea nyumba 103 za mwanzo, na nyingine nyingi zikafuata. Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959 ikiwa na watu wapatao 8,000 ilikuwa imefikia zaidi ya 100,000, na kwamba wanyama, malisho na watu wenyewe walikuwa wanaumia. Ilisema pia kuwa kuhama ni kwa hiari. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti ya Julai 2024, lilipinga kwamba hiari hiyo ilikuwa kamili, likieleza jinsi huduma za jamii zilivyopunguzwa Ngorongoro, na likaandika pia malalamiko ya wakazi wa awali wa Msomera kwamba ardhi waliyogawiwa wahamiaji ilikuwa yao. Mwezi Agosti 2024 maelfu ya Wamasai waliandamana Ngorongoro, na baadaye Rais akaunda tume za kulichunguza suala hilo.

Hakika nyumba za Msomera ni za matofali, zina bati na ardhi ya kulima. Aliyezijenga anaweza kuzisifu bila kusema uongo. Lakini ukingoni mwa kreta, zilikotoka familia hizo, hoteli zinaendelea kupokea wageni wanaolipa kwa usiku mmoja zaidi ya kinachoingia mkononi mwa mfugaji kwa miezi. Mgeni huyo huenda hajawahi kulisikia jina la Handeni. Kwa hiyo wilaya ile iliyotoa watu waende kulipia vibanda vyao katika mashamba ya Korogwe sasa imepokea watu ambao makazi yao ya zamani yamebaki kuwa mandhari. Na ardhi ya kuwapokea ilitafutwa pale ambapo, kwa jicho la ramani, palionekana patupu, kama Usambara ilivyoonekana tupu kwa mpima ardhi wa mwaka 1895.

Si haki kuhitimisha kwamba mapumziko ni dhambi. Mwili uliochoka una haki ya kupumzika, na kipato cha mgeni kimesomesha watoto Jambiani kama kilivyosomesha watoto wa wakulima wa Ufaransa. Tofauti hufanywa na mambo matatu yanayopimika: mwenye nyumba anaishi wapi, kodi inayolipwa inalala wapi, na aliyekuwa akikaa pale kabla ya mgeni amekwenda wapi kwa ridhaa ya nani. Nyumba za mwaka 1951 za wakulima wa Ufaransa zinaweza kuyajibu yote matatu. Nyumba ya Vugiri haikuweza. Majengo mapya ya pwani ya Unguja bado yana nafasi ya kuchagua yatajibu kama yapi. Sheria za kuyauliza zinaweza kutungwa na Baraza la Wawakilishi kama zilivyotungwa Denmark na Barcelona, mradi zitungwe kabla watoto wa Jambiani na Bwejuu hawajaanza kuulizia viwanja mbali na bahari yao.